Ukungu Uliozoea Wali

Chonga ukimtoa mnazini akiwa mzima analia. Si kilio kikubwa, ni mkwaruzo tu, kama ukucha unaopita kwenye meno ya kitana. Nimeusikia mara nyingi kuliko vijana wengi wa umri wangu, kwa sababu tangu nimalize darasa la saba kazi yangu ni kukwea minazi, na sisi wakwezi wa Mzenga hatupandi bila waya. Waya wenyewe ni wa gurudumu la baiskeli, umenolewa na kupindwa ncha. Ukifika juu unatafuta tundu kwenye shina la kuti changa, pale panapotoka vitu kama machicha. Unaingiza waya, unazungusha hadi uguse kitu kigumu, unavuta. Anatoka mdudu mweusi mwenye pembe moja kichwani, mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, akikwaruza.

Kazi ya juu niliipenda. Huko hakuna anayekuuliza swali. Shuleni nilikuwa najua majibu, ila mwalimu akinitazama jibu linanirudi kooni. Na nikiandika, naandika taratibu sana. Wenzangu walikuwa wakitoka kwenda kucheza mimi bado niko mstari wa tatu. Hata haya ninayoyaandika sasa yamenichukua masika yote.

Bibi yangu, aliyenilea, ana minazi arobaini na miwili. Babu aliipanda kabla mama yangu hajazaliwa. Kuti lililotobolewa na chonga likija kufunguka unaliona limekatwakatwa, kama mtu amelikunja akalipitishia mkasi. Ulifika wakati karibu kila mnazi wa bibi ulikuwa hivyo, na vidaka vinadondoka kabla ya kuwa madafu. Nilikuwa natoa chonga watano leo, kesho wameingia saba.

Mjomba, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuja siku moja baada ya masika akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia.

"Mama, hii si minazi tena," alisema. "Hizi ni nguzo za umeme. Tuikate, tupande mihogo."

"Mihogo naipenda," bibi akamjibu. "Nikishaichemsha nitaiunga na nini?"

Mjomba akacheka, lakini hakuacha. Alikuwa ameshazungumza na mtu mwenye msumeno wa injini. Walivutana hadi chai ikapoa, mwisho bibi akamwambia: "Nipe mpaka mvua za vuli. Makuti mapya yakifunguka yamekatwa kama haya, mlete huyo mtu wako na sitasema neno. Yakifunguka mazima, usinitajie tena msumeno." Wakakubaliana mbele yangu. Bibi akanigeukia na kusema, "Umesikia, mjukuu wangu. Shahidi ni wewe." Nikaitikia kwa kichwa.

Bibi hakuwa anaota tu. Kulikuwa na mama mmoja mtafiti kutoka Kibaha ambaye alikuwa anajaribu dawa yake kwenye mashamba manne ya kijijini kwetu, na moja lilikuwa la bibi. Dawa yake haikuwa sumu. Ilikuwa ukungu, ule ukungu wa kuota, umekaushwa ukawa unga wa kijani kama mlonge uliosagwa. Alituelekeza kurundika samadi na vipande vya magogo yaliyooza, mahali ambapo chonga hupenda kutaga, kisha tunachanganya ule unga humo. Chonga akija anaupata mwilini, mabuu wake wanaupata, wote wanaugua na kufa. Ndivyo alivyotuambia.

Wiki chache baada ya mapatano ya bibi na mjomba, yule mama alikuja tufukue lile rundo. Mimi nilishika jembe. Mjomba alikuwepo, na majirani wawili watatu waliokuja kutazama. Nilipofunua tabaka la kwanza, mabuu walikuwa pale wamejikunja, weupe, wanene, wanang'aa. Hata mmoja hakuwa mgonjwa.

Mjomba alichuchumaa akawatazama vizuri. "Mama mtafiti, hawa mbona wamenenepa kuliko wa shamba la jirani? Si ulichowaletea ni viungo vya pilau?"

Watu wakacheka. Yule mama hakukasirika. Aliokota buu mmoja, akamgeuza kiganjani kwa muda mrefu, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Zamani ulikuwa unaua. Huu huu."

Nilikuwa na jambo la kumwambia na sikulisema. Jambo lenyewe ni hili. Kwetu, ukipasua gogo bovu la mnazi, mara mojamoja unakuta chonga amekufa humo, amekakamaa, na viungo vyote vya mwili vimejaa vumbi la kijani. Huyo hashikwi kwa mkono. Babu alinifundisha kumtoa kwa kijiti na kumchoma pamoja na lile gogo, ili ugonjwa wake usihamie kwenye minazi. Kila mkwezi wa kwetu anafanya hivyo. Nilikuwa nimechoma wengi, na rangi ya lile vumbi ilikuwa rangi ya unga wa yule mama. Lakini mjomba alikuwa pale, na majirani, na jibu likanirudi kooni kama zamani. Yule mama akapanda pikipiki akaondoka.

Siku ya nne mjomba akaniagiza nikachome gogo la mnazi ulioanguka mwaka juzi. Nilipasua kwa shoka, na ndani nikakuta watatu wa kijani. Nilikuwa nimeshakusanya makuti makavu ya kuwashia. Nilisimama na kiberiti mkononi nikajisemea: mtu hahitaji maneno mengi ili kubeba kopo. Nikachukua kopo la majani ya chai, nikawaingiza kwa kijiti, nikafunika. Asubuhi iliyofuata nikamwambia bibi nakwenda Kibaha. Akaniangalia, maana mimi si wa safari. "Nenda," akasema. "Ukifika useme shikamoo kwa sauti."

Nikachukua bodaboda hadi Mlandizi, kutoka hapo nikapata gari. Mahali pa kazi pa yule mama palikuwa nyumba ya kawaida huko Tangini, yenye vyumba vitatu na uwanja wa kuanikia. Aliyenipokea ni kaka mmoja mwenye aproni, ameshika sufuria kubwa ya wali inayofuka moshi.

"Karibu, mdogo wangu. Umekuja kula?"

Nilitikisa kichwa.

"Vizuri, maana huu si wako. Kuna mlaji humu ndani tangu nianze kazi hajawahi kusema ahsante."

Alikuwa mtu wa kupenda kuongea, na mimi ni mtu wa kupenda kusikiliza, tukaelewana haraka. Akanionyesha kazi yake. Wali unapikwa nusu, unatiwa kwenye mifuko, unachemshwa tena kwa mvuke ili kisibaki kijidudu kingine, kisha unapandwa mbegu za ukungu. Baada ya wiki mbili punje zote zimekuwa za kijani. Unakausha, unachekecha, unapata unga.

Nilimuuliza mbegu za kupanda tena wanatoa wapi.

"Hapo hapo. Tunabakiza kidogo, tunapanda kwenye wali mwingine. Kama mtu anavyobakiza donge lililoumuka la kuumulia maandazi ya kesho."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Mimi nimeukuta. Na aliyekuwepo kabla yangu aliukuta."

Mama mtafiti alipotoka ofisini nilimwamkia shikamoo, kwa sauti, kama nilivyoagizwa, kisha nikafungua kopo na kulisogeza mbele yake. Alivaa glavu, akamtoa mmoja, akamtazama chini ya taa.

"Umewapata wapi?"

"Kwenye gogo."

"Wapo wengi?"

"Tunawachoma, mama."

Akaketi. "Mnawachoma."

"Tangu enzi za babu. Wasije wakaambukiza minazi."

Yule kaka wa wali aliangua kicheko hadi akashika meza. Yule mama naye akaanza kucheka, lakini kwa namna ya mtu aliyechoka. "Ninyi mmechoma," akasema. "Na sisi tumeulea kwa wali mpaka umesahau kazi. Sijui nani kafanya vibaya zaidi."

Siku ile alinifundisha jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kichwani kila ninapokwea. Alisema mbegu ya ukungu ni ndogo kuliko vumbi la unga, haina jicho wala pua. Inaweza kuangukia jiwe, jani, au mgongo wa chonga. Swali ni moja: inajuaje kwamba imefika?

"Juu ya ngozi yake ina vipokezi," alisema. "Ganda la chonga lina nta. Vipokezi vikigusa nta ile vinatuma ishara ndani. Kitu kimoja kinakiamsha cha pili, cha pili kinakiamsha cha tatu, mpaka ujumbe unafika kwenye vinasaba, yale maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Hapo baadhi ya maagizo yanafunguliwa na mengine yanafungwa. Yakifunguka, mbegu inatengeneza kitu kama mguu wa kujishikiza na kukandamiza, na inatoa maji makali ya kuyeyusha ganda. Ndipo inaingia."

Nikamuuliza, "Na kwenye wali?" Nilishtuka kusikia sauti yangu mwenyewe.

"Kwenye wali chakula kipo mlangoni. Hakuna ganda la kutoboa. Kila tunapopanda upya tunachukua ule ulioota haraka kwenye wali, wala hatuulizi kama bado unajua kutoboa. Miaka inapita. Zile ishara zinalegea, ujumbe unatumwa haufiki. Sehemu nyingine ya habari hii hata sisi hatujaijua." Akavua glavu. "Tulijua kwamba inafaa kuupitisha kwenye mdudu mara kwa mara ili ukumbuke. Ila mabuu walikuwa taabu kupatikana hapa mjini, tukawa tunasema safari ijayo, safari ijayo."

"Mabuu naweza kuleta," nikasema. "Hata kesho."

Nililala kwa yule kaka. Asubuhi mama mtafiti aliniita kwenye hadubini. Jana yake alikuwa amepaka vumbi la chonga wangu juu ya kipande cha bawa la chonga, na unga wa wali juu ya kipande kingine. Ilinichukua muda kuzoea kuangalia bila kufumba jicho. Kwenye kipande cha pili niliona nyuzi ndefu nyembamba zinazozurura huku na huku, kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Kwenye cha kwanza nyuzi zilikuwa fupi, na kila mmoja ulikuwa umevimba ncha na kujibana kwenye bawa. Ile ndiyo miguu. Ilikuwa imeshajua imefika wapi.

"Umeona tofauti?" aliniuliza.

"Huu unakaa. Ule unatembea."

"Basi umeona ninachokiona mimi," akasema.

Alihitaji muda wa kuutenga ule ukungu wa Mzenga na kuukuza kidogo, kisha jaribio lingefanyika kwetu, karibu na mabuu. Akanipa beseni tatu na daftari. Beseni ya kwanza mabuu ishirini na unga wa zamani. Ya pili mabuu ishirini na unga mpya. Ya tatu mabuu ishirini peke yao na samadi. Mimi nihesabu kila asubuhi na kuandika. Nilimwambia ukweli kwamba naandika taratibu. "Wao hawana haraka," akanijibu.

Beseni nikaziweka kwenye banda la kuku ambalo halikuwa na kuku tena, mbalimbali, kila moja na kijiti chake. Yule kaka alipofuatana na mama mtafiti kuleta unga alinikuta najaza ukurasa wa kwanza, akasimama nyuma yangu.

"Mdogo wangu, ukimaliza kuandika, waliokufa watakuwa wamefufuka."

"Wakifufuka nitaandika pia," nikasema.

Bibi alikuwa akipita kila asubuhi anachungulia. "Nimelea watoto sita," alisema, "na uzeeni nalea funza." Lakini alikuwa wa kwanza kuamka kwenda kuwatazama. Wiki ya kwanza hakikutokea kitu na mjomba alipopiga simu bibi akamwambia watoto hawajambo. Siku ya tisa, kwenye beseni ya pili, watatu walikuwa wameacha kula na wana madoa ya kahawia. Siku ya kumi na mbili kuna waliokuwa wagumu kama vijiti vya muhogo mkavu. Siku chache baadaye wakavaa utando mweupe, na juu ya utando ule rangi ya kijani ikaanza kutokea, kwanza kwenye mikunjo, kisha mwili mzima. Mwisho wa daftari nimeandika: beseni ya pili, wamekufa kumi na tisa. Beseni ya tatu, wamekufa wawili, si wa kijani. Beseni ya kwanza, amekufa mmoja, naye ni wa kijani.

Huyo mmoja niliandika habari zake mistari minne. Nilifurahi kumwona. Ina maana hata ndani ya ule unga ulioshiba wali miaka yote kulikuwa na mbegu ambazo bado ishara zake zinafika. Mama mtafiti aliposoma pale akasimamisha kidole kwenye mistari yangu, akamchukua yule buu pia akaondoka naye Kibaha.

Unga mpya ulipokuwa wa kutosha tulichanganya kwenye marundo ya mashamba yote manne. Majirani walikuja kuchukua na mama mtafiti akaanza kueleza. Alipofika kwenye habari ya wale wa kijani alinigeukia. "Hili waambie wewe mwenyewe," akasema. Kulikuwa na wakwezi wanne pale, wakubwa kwangu wote, waliofundishwa kama nilivyofundishwa.

"Wale wa kijani," nikasema, "tusiwachome. Tuwarudishe kwenye samadi."

Mmoja akauliza, "Wakiambukiza minazi je?"

"Mnazi hauna ganda la chonga. Mbegu ikiuangukia haipati habari yoyote."

Akanitazama, akakuna kidevu. "Huyu mtoto anaongea," akawaambia wenzake. "Mimi nilidhani anapiga mluzi tu huko juu."

Kisha tukasubiri. Kiangazi kile niliendelea kupanda na waya. Mwezi wa kwanza nilitoa chonga kama kawaida, na nilianza kuogopa. Mwezi wa pili kuna minazi niliyoshuka bila kutoa hata mmoja. Sikumwambia bibi. Kuti jipya linachukua muda kufunguka, na wakati limefungwa huwezi kujua limesalimika au limekatwa ndani. Mapatano yalikuwa ya makuti, si ya chonga.

Vuli ilipiga mvua mbili, na asubuhi iliyofuata mjomba akaja. Hakuja peke yake. Nyuma ya pikipiki alikaa mtu mwenye msumeno mapajani, umefungwa gunia. Bibi aliwapa maji ya kunywa, akaniambia, "Panda."

"Mmoja hautoshi," mjomba akasema. "Apande yote."

"Atapanda yote," bibi akajibu.

Nilianza na mnazi wa karibu na jiko. Vidato vya kukanyagia shinani vilikuwa vimelowa, nikaenda taratibu. Kule juu, katikati ya makuti ya zamani yenye pengo kama meno ya mzee, kulikuwa na kuti jipya limefunguka. Nilipitisha mkono kutoka shina hadi ncha. Hakuna lilipokatika. Huko juu koo langu halijawahi kunisumbua.

"Zima," nikasema, na sauti ikaenda hadi barabarani.

Bibi akadondosha punje ya hindi kwenye bakuli. Nikashuka, nikapanda wa pili. Zima. Wa tatu, zima. Wa nne ulikuwa umekufa moyo zamani, nikasema hivyo hivyo: umekufa. Mjomba akawa anatufuata chini, mikono nyuma. Ilipofika kumi na tano aliacha kuuliza una hakika. Ilipofika ishirini alivua kofia. Yule mtu wa msumeno ndiye aliyeanza kuitikia, nikisema zima naye anasema zima, mpaka watoto wa jirani wakajiunga. Nilipanda arobaini na miwili kabla ya saa nane, na miguu ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa leo. Punje za bibi zilikuwa thelathini na tatu. Minazi sita bado ilikuwa na kuti lililokatwa. Mitatu ilikuwa imekufa.

Mjomba alizitazama zile punje bakulini. Kisha akamgeukia mtu wake. "Kata ile mitatu tu," akasema. "Ndiyo uliyoijia."

"Magogo yasibaki yamelala," nikamwambia. "Tuyapasue, tuyatie unga. Ndiyo nyumba yao."

"Umesikia mtaalamu," mjomba akamwambia yule mtu, na hakusema kwa dhihaka. Alikunja suruali akashika shoka mwenyewe.

Nilikuwa nimeshusha nazi nne nikiwa kule juu, kukomaa zimekomaa. Bibi alizifua, akakaa kwenye mbuzi akakuna, na mihogo ilikuwa jikoni tangu asubuhi, maana yeye alijua jibu kabla yetu au alikuwa anajifanya anajua. Tulikula wote, pamoja na mtu wa msumeno, mikono ikiwa bado ina vumbi la mbao. Mjomba alikula hadi akafika chini ya sahani.

"Tui limekuwa zito, mama," akasema.

"Ongeza," bibi akamwambia. "Zipo."

Baadaye nilichukua daftari nikaandika: minazi thelathini na tatu kuti zima, sita kuti limekatwa, mitatu imekufa. Ilinichukua muda. Hakuna aliyeniharakisha.